Anti Sanna Aliingia Majini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Gordon's Bay, Rasi ya Magharibi
Kuhusu: Kifo cha Susanna Windvogel, mwanamke wa miaka 74, ndani ya basi la watalii
Siku ya kuandikwa: Jumatatu, 11 Machi 2019
Aliyeandika: Sajini N. Gqirana

Jina la shahidi: Riedwaan Toefy
Umri: Miaka 52
Kazi: Mwongoza watalii (kwa sasa nimesimamishwa kazi)
Makazi: Strandfontein, Cape Town

Mimi niliyetajwa hapo juu ni mtu mzima, nina akili timamu, na nimeapa kwa dini yangu kwamba nitasema yaliyotokea bila kupunguza. Sajini ameniambia kwamba ninayoyasema yanaweza kutumika mahakamani, hata dhidi yangu mwenyewe. Nimeelewa.

Mnamo tarehe 9 Machi 2019, siku ya Jumamosi, niliripoti kazini Cape Town saa moja na nusu asubuhi. Safari ilikuwa ile ya siku moja tunayoifanya kila Jumamosi: tunapita Gordon's Bay, tunafuata barabara ya kando ya bahari hadi Rooi-Els, tunaona pengwini Betty's Bay, tunakula mchana Brandersbaai, halafu tunarudi kwa njia ile ile. Dereva alikuwa Fezile Ntshinga, ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi. Basi lilikuwa zima na abiria walikuwa wengi wao wageni.

Kabla hatujaondoka, mwanamume mmoja alinifuata mlangoni akiwa amemshika mkono mama mzee aliyevaa kofia ya kanisani na gauni la bluu. Alijitambulisha kwa jina la Clive Windvogel, wa Elsies River. Alisema, "Kaka, huyu ni mama yangu. Wiki hii ametimiza miaka sabini na nne, na hii safari ndiyo zawadi yangu kwake. Naomba umkalishe dirishani, upande wa bahari."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama yake nitamkalisha kama bibi harusi.

Akaongeza, "Na ngazi nyingi asipande."

Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni magoti. Wazee wengi ninaowapeleka shida yao ni magoti.

Huyo mama ndiye Susanna Windvogel. Mimi nilimwita Anti Sanna kuanzia dakika hiyo, na yeye aliniita mwanangu.

Nilimweka kiti cha mbele, kulia, dirishani. Pembeni yake alikaa Bi Kelebogile Motsumi, mgeni kutoka Gaborone aliyekuja kwenye harusi ya mpwa wake na kubaki siku chache kutembea. Walisalimiana na baada ya muda mfupi nikawasikia wanacheka. Anti Sanna alifungua mfuko wake, akatoa mikate yenye mayai, akamgawia Bi Kelebogile, akampelekea na Fezile pale kwenye usukani.

Tulipoingia barabara ya mwambao nilianza kazi yangu ya kipaza sauti. Niliwaambia abiria kwamba nyangumi wote wako likizo hadi mwezi wa sita, kwa hiyo wasije wakanilaumu. Niliwaambia kwamba nyani wa huko wanajua kufungua milango ya magari, na wakiingia wawape chakula, wasibishane nao. Watu walicheka. Anti Sanna hakucheka. Alikuwa amegeuza uso wake dirishani. Nilipokuwa naendelea kueleza habari za miamba, alinigusa kiwiko.

"Mwanangu, unasema sana. Bahari yenyewe imenyamaza."

Basi zima lilisikia, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa wazi. Walipiga makofi. Fezile akasema tangu aanze kuendesha basi amekuwa akimsubiri mtu wa kuniambia hivyo. Nilizima kipaza sauti na tukaenda kimya hadi Rooi-Els. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kupita pale bila kusema neno.

Betty's Bay tulishuka kuona pengwini. Anti Sanna aliwatazama wakitembea jiwe hadi jiwe, akasema wanafanana na wazee wa baraza la kanisa lake wakitoka kikaoni. Kwenye ile njia ya mbao alisimama, akashika kizuizi, akawa anahema.

Hapa pana jambo ambalo Sajini hakuniuliza, lakini lazima niliseme. Nilimuuliza, "Anti, umechoka?" Akanijibu, "Sijachoka. Daktari anasema nina moyo mkubwa." Mimi nikamwambia, "Hilo hata mimi nimeliona tangu asubuhi, kwa ile mikate." Akacheka sana hadi akafuta machozi. Hakunisahihisha. Mimi nilielewa kwamba anajitania kuhusu ukarimu wake. Ni jioni ile, aliponieleza mwanawe, ndipo nilipojua kwamba ni ugonjwa, na kwamba moyo ulikuwa umepanuka kweli.

Tulifika Brandersbaai saa saba kasorobo. Abiria waliingia mkahawani kula samaki na chipsi. Nilipohakikisha kila mtu amehudumiwa, niliona kiti cha Anti Sanna kiko wazi. Bi Kelebogile alisema, "Ametoka. Amesema anakwenda kutazama kitu." Nilitoka haraka. Brandersbaai miamba yake ni mibaya na mawimbi hayana adabu.

Nilimkuta chini, kwenye bwawa la kuogea. Ni bwawa la maji ya bahari lililozungushiwa ukuta wa mawe, na upande wa nchi kavu lina ngazi chache zenye chuma cha kushikilia. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mawimbi hayakuwa yakivuka ukuta. Hapakuwa na mtu mwingine. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, kofia ameiweka kando, anavua soksi zake.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Unaona mwenyewe. Navua soksi."

"Anti, kuloweka miguu tu, sivyo?"

"Kwani miguu ndiyo iliyokuja huku peke yake?"

Nilimweleza kwamba sheria ya kampuni hairuhusu abiria kuoga, na kwamba maji ya huko ni baridi sana. Akaniambia, "Mwanangu, sikukuuliza kama ni baridi. Keti."

Nikaketi. Akanieleza haya ninayoyasema sasa. Sikuyasikia kwa mtu mwingine.

Alisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na mitano aliajiriwa na familia moja ya Wazungu waliokuwa na nyumba ya likizo pale Brandersbaai. Alinionyesha ilipokuwa, juu kidogo ya barabara. Kila Desemba walikuja naye kulea watoto wawili. Kazi yake ilikuwa kusimama pale pale kwenye ngazi akiwa ameshika mataulo, watoto wakiogelea. Palikuwa na kibao kinachosema nani anaruhusiwa kuingia majini, na yeye hakuwamo. Hakuruhusiwa hata kulowesha kidole. Alisema jua lilikuwa kali, na sare yake ilikuwa ya kitambaa kizito, na alisimama hivyo Desemba nne.

Desemba ya mwisho, yule mtoto mdogo, msichana, aliteleza ukutani akazama upande wa kina kirefu. Wakubwa walikuwa nyumbani wanakunywa chai. Anti Sanna aliruka na sare yake na viatu vyake, akamshika nywele, akamvuta hadi kwenye ngazi. Hakujua kuogelea. Alisema hadi leo hajui alifikaje.

Nilimuuliza walimfanyia nini.

"Madamu alinishukuru. Alinishukuru jikoni, mlango umefungwa." Alikunja soksi zake akaziingiza kwenye kiatu. "Kesho yake polisi akaja. Jirani alikuwa amelalamika kwamba kuna msichana wa kazi ameonekana ndani ya bwawa. Akaandika jina langu na mahali ninapotoka. Madamu hakumwambia kwa nini niliingia. Alisimama tu pale mlangoni. Januari wakanirudisha kwetu."

Niliisogeza kofia yake isipeperushwe na upepo.

Ndipo akaniambia, "Unajua kinachoniuma? Si polisi. Ni kwamba niliingia na sikujua maji yakoje. Nilikuwa namtazama mtoto. Nimekaa na jambo hili miaka yote. Watu wakiniuliza kama nimewahi kuingia baharini nasema ndiyo, lakini nawadanganya."

Sajini ameniuliza kama ningeweza kumzuia. Ndiyo, ningeweza. Alikuwa mama mdogo wa umbo na mimi nina kilo zangu. Ningeweza kumshika mkono nikampandisha hadi mkahawani, na asingepiga kelele. Nilifikiria kufanya hivyo. Halafu nikafikiri nitakuwa mtu wa pili kumtoa pale. Nikavua viatu.

Fezile alishuka wakati huo huo kunitafuta. "Kaka Ried, watu wamemaliza kula."

"Wanunulie aiskrimu."

"Aiskrimu? Kwa kazi gani waliyofanya?" Kisha akamwona Anti Sanna amesimama na shumizi yake nyeupe, gauni amelikunja vizuri juu ya jiwe. Fezile ni Mxhosa aliyelelewa vizuri. Alitugeuzia mgongo, akatazama barabara, akasema bila kugeuka, "Mama, shika kile chuma. Ngazi ya tatu ina utelezi."

Nilitangulia mimi, yeye akafuata, nimemshika mikono yote miwili. Maji yalikuwa baridi kweli. Yalipomfika magotini alitoa sauti. Yalipomfika kiunoni alisimama, akafumba macho, akatukana kwa Kiafrikaans tusi ambalo sitalirudia mbele ya Sajini. Nikamuuliza kama tutoke. Akasema, "Jaribu uone."

Mara tukasikia mtu anashuka ngazi kwa kishindo. Alikuwa Bi Kelebogile, na gauni lake lote. "Ninyi watu mna roho mbaya! Mimi natoka nchi isiyo na bahari, na mnaniacha kule juu na mifupa ya samaki!" Aliingia hadi kifuani kwa mkupuo mmoja, akapiga ukelele, na Fezile akaruka kule juu akidhani mtu amezama. Tulicheka sote. Nataka iandikwe kwamba tulicheka.

Anti Sanna akasema anataka kulala juu ya maji kama alivyowaona wale watoto wakilala. Mimi nilimshika kichwa na mabega, Bi Kelebogile akamshika miguu. Mwanzoni alijikaza kama ubao. Bi Kelebogile akamwambia, "Legea, mama, tumekushika, hatuna pengine pa kwenda." Akalegea. Nywele zake zilifunguka. Masikio yalikuwa ndani ya maji, kwa hiyo nadhani hakuwa anatusikia tena. Alitazama juu muda mrefu. Alisema neno moja tu, na hakuwa anamwambia yeyote. Alisema, "Laini."

Tulikaa majini kama dakika kumi. Fezile alikuwa akitutajia muda kwa sauti, kama mtangazaji wa stesheni. Anti Sanna alipotoka midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kidogo na alikuwa anatetemeka, lakini alizungumza vizuri na alipanda ngazi mwenyewe, akipumzika mara moja. Hakulalamika maumivu yoyote, si kifua wala mkono. Bi Kelebogile alimkausha kwa shuka lake zito la kujifunga, akamvalisha lile gauni la bluu, ambalo lilikuwa kavu. Fezile alimpa koti lake. Nilimnunulia chai yenye sukari nyingi na chipsi. Alikula zote, na akaomba siki zaidi.

Tuliondoka Brandersbaai saa nane na robo. Kwa kuwa tulikuwa tunarudi, bahari ilikuwa upande wa kushoto sasa. Mzee mmoja Mjerumani aliyekuwa kiti cha mbele kushoto alisimama bila kuombwa akampisha yeye na Bi Kelebogile. Nilimuuliza Anti Sanna kama angependa kuwasemesha abiria, kwa kuwa mimi nimefungiwa. Alichukua kipaza sauti, akakitazama, akasema, "Mimi ni Susanna Windvogel. Leo nimeogelea." Akanirudishia. Watu walishangilia, hata wale ambao sidhani kama walielewa.

Baada ya Pringle Bay alikuwa anazungumza na Bi Kelebogile kwa sauti ya chini. Nilisikia wakizungumzia namna ya kupika maboga. Baada ya Rooi-Els niliona ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho yamefumbwa nusu. Nilidhani amelala. Niliona haya kumtazama mtu aliyelala, nikageuka mbele.

Tulikuwa tumeikaribia Kogel Bay, yapata saa tisa kasorobo, Bi Kelebogile aliponiita. Hakupaza sauti. Alisema, "Kaka, njoo." Nilipofika alikuwa amemshika mkono. Alisema, "Nilikuwa namwambia jambo. Nadhani ameondoka."

Fezile alisimamisha basi kwenye eneo la kuegesha. Tulimlaza Anti Sanna kwenye njia ya katikati ya viti, nikaanza kumkandamiza kifua kama tunavyofundishwa. Fezile alipiga simu ya dharura. Abiria waliteremka wenyewe, mmoja mmoja, wakasimama kando ya ukuta mfupi wa barabara, wakatugeuzia migongo. Bi Kelebogile alibaki, amepiga magoti, amemshika kichwa kama alivyomshika miguu kule Brandersbaai. Sikuacha kukandamiza hadi mtu wa gari la wagonjwa aliponishika bega na kusema, "Inatosha, kaka." Sijui ilikuwa muda gani. Waulizeni wao.

Tulifika kituoni hapa saa kumi na nusu. Bwana Clive Windvogel alifika saa moja baadaye akiwa na nguo za kazi. Nilikuwa nimesimama uani karibu na gari lililombeba mama yake. Walimfungulia mlango. Alimshika kichwa, akaurudisha mkono wake, akautazama.

"Mbona nywele za mama yangu zimelowa?"

Nilimwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema aliingia majini Brandersbaai na mimi ndiye niliyemwingiza.

Alinishika shati. Alisema, "Nilimkatia tiketi aitazame bahari. Aitazame! Umeambiwa na nani umwingize? Moyo wake ulikuwa umevimba, hujui?" Fezile alitaka kuingia kati, nikamwambia amwache. Sikuumizwa. Shati lilikatika kifungo, na sitaki jambo hilo lifunguliwe kesi.

Nilimweleza kuhusu kusimama na mataulo, na kibao, na mtoto aliyezama, na polisi aliyeandika jina. Aliniachia kidogo kidogo. Alisema hakuwahi kusikia habari hizo. Nyumbani kwao mama yake alisema tu kwamba zamani alifanya kazi kwa watu wa pwani, na kwamba palikuwa pazuri. Ndiyo maana yeye akaichagua safari ile na si nyingine. Aliketi kwenye ukingo wa saruji. Bi Kelebogile, ambaye bado gauni lake lilikuwa bichi, aliketi karibu naye. Mimi niliondoka nikawaacha.

Leo asubuhi Sajini ameniambia kwamba daktari wa serikali amekuta moyo ulisimama wenyewe, na mapafu hayakuwa na maji. Amesema hakuna anayeweza kujua kama baridi ilichangia au saa yake ilikuwa imefika. Mimi siwezi kusema kwamba haikuchangia. Ningejua kwamba moyo mkubwa ni ugonjwa nisingemwingiza. Hilo nalisema kwa kiapo. Nimejiuliza pia kama yeye alijua ninavyoelewa vibaya akaniacha hivyo hivyo kwa makusudi. Hilo silijui, na sitaki kumsingizia.

Nilipofika hapa kituoni leo, Bwana Clive alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa suti. Nilidhani amekuja kunishtaki, nikamsalimia kwa mbali.

Alisema, "Mazishi ni Jumamosi, saa nne, kanisani kwetu Elsies River. Yule mama wa Gaborone ameahirisha kurudi. Dereva wako naye nimempigia."

Nikamwambia nitakuja, nitakaa nyuma.

"Hutakaa nyuma. Utasimama mbele uwaeleze watu uliyonieleza mimi. Wajukuu wake hawajui. Mimi nikijaribu nitashindwa."

Nikamkumbusha kwamba huenda ifikapo Jumamosi nikawa nimefunguliwa mashtaka, na kwamba pengine yeye mwenyewe ndiye atakayeyataka.

Alifikiri. Kisha akasema, "Bado nina hasira na wewe, Riedwaan. Nadhani nitakuwa nayo muda mrefu. Lakini njoo."

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Haya ndiyo maelezo yangu, na ninatia saini nikijua uzito wake.

(Sahihi) R. Toefy

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya yote kwa lugha anayoielewa, naye amekiri kwamba ni sahihi isipokuwa jambo moja. Katika nakala ya kwanza, kwenye sehemu ya bwawani, niliandika "marehemu" kama ilivyo kawaida yetu. Shahidi aliomba neno hilo lifutwe, akisema wakati ule hakuwa marehemu. Nimelifuta kila lilipokuwapo, nimeandika jina lake, na kila penye marekebisho tumetia saini sote wawili. Bwana Clive Windvogel ameulizwa na amesema hana malalamiko ya kuandikisha. Jalada linapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa uamuzi. Maoni yangu ni kwamba lifungwe.

(Sahihi) Sajini N. Gqirana
Gordon's Bay, 11 Machi 2019